Safari ya Kulitazama Ziwa

Sisi tuliozaliwa kandokando ya Ziwa Victoria hatuna desturi ya kulitazama. Tunalivuka, tunavua ndani yake, tunachota maji, tunafulia nguo juu ya mawe yake. Lakini mtu mzima akionekana ameketi peke yake juu ya jabali, hana nyavu wala ndoo, macho ameyaelekeza majini, wapita njia watamkaribia na kumwuliza kwa upole kama amefikwa na jambo. Kutazama ziwa ni kazi ya wageni.

Mimi nimelifundisha ziwa hili kwa zaidi ya miaka thelathini. Niliwaandikia watoto ubaoni kwamba lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, kwamba kina chake kirefu ni kama mita 80 tu, kwamba ni la pili duniani kwa ukubwa miongoni mwa maziwa ya maji baridi, na kwamba takribani nusu yake imo nchini mwetu. Niliwaandikia pia kwamba Mwingereza Speke aliliona siku ya 3 Agosti 1858, akiwa karibu na hapa Mwanza, akalipa jina la malkia wake. Waliokuwa wakiliita Nyanza, au Nalubaale kule Buganda, au Nam Lolwe kule kwa Wajaluo, hawakuulizwa. Watoto walinakili yote, wakafaulu mitihani. Nusu yao walikuwa wamefika darasani asubuhi hiyo wakinuka dagaa.

Miaka michache iliyopita, mmoja wa wanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa anaishi Ulaya, alinipelekea kijitabu chenye picha za safari ya meli katika pwani ya Norway. Safari hiyo inaitwa Hurtigruten. Ilianza mwaka 1893, na sasa huenda toka mji wa Bergen hadi Kirkenes kaskazini kabisa, na meli hutia nanga katika bandari 34. Ilianzishwa kubeba barua, mizigo na wenyeji waliokuwa hawana barabara. Siku hizi watalii hulipa fedha nyingi wapande meli hizo, washuke bandarini, watembee saa mbili tatu wakiangalia makanisa na milima, kisha honi ilie warudi melini kula. Nilimwonyesha mke wangu. Akafunua kurasa polepole, akafika kwenye picha ya makreti ya samaki yakipakiwa huku wazee wa Kizungu wamesimama juu wakitazama. Akaniambia, "Mwalimu, mbona hii ni Victoria yetu?"

Tangu tufahamiane huniita Mwalimu, nami humwita Mama. Na hapo alisema kweli tupu. Meli ya MV Victoria iliundwa Scotland, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa bahari hadi Mombasa na kwa reli hadi Kisumu, ikaunganishwa huko na kuanza kazi 1961. Ilikuwa ikizunguka ziwa: Kisumu, Port Bell, Bukoba, Mwanza, Musoma, kisha Kisumu tena. Niliipanda kwa mara ya kwanza mwanzoni mwa 1972. Nilikuwa nimemaliza mafunzo ya ualimu Butimba, nimepangiwa shule katika Mkoa wa Ziwa Magharibi, kama Kagera ilivyoitwa wakati ule. Nilisafiri daraja la tatu, nikiwa nimekalia sanduku langu la mbao lisije likaibiwa, na kwenye benchi moja nilisikia Kisukuma, Kijaluo, Kihaya na Kiganda. Juu, katika daraja la kwanza, walikuwako wageni wachache wenye darubini. Nilimwuliza baharia wale wanakwenda wapi. Akanijibu, "Hawaendi mahali. Wanazunguka."

Jibu lile lilinishangaza kwa miaka mingi. Mzunguko wenyewe ulikatika Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na meli zikagawanywa kama mali ya marehemu. Victoria ikatuangukia sisi.

Huko Ziwa Magharibi ndiko nilikompata mke wangu. Kwao ni Kamachumu, kwenye uwanda wa juu unaotazama ziwa kwa mbali. Tulipohamia Mwanza alikuwa akienda kuwasalimu wazazi wake kwa meli, mara mbili kwa mwaka, na mtoto mgongoni, kama mtu anayekwenda sokoni. Ikawa hivyo mpaka 1996.

Msomaji wa rika langu anajua ninachokwenda kusema. Asubuhi ya Jumanne, 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipinduka ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza, ikitokea Bukoba kwa kupitia Kemondo, na baadaye ikazama. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Waliokuwamo walizidi hapo kwa mbali, na idadi ya waliokufa haikupata kujulikana kwa uhakika. Wapo wasemao 500, wapo wasemao 800, wapo wanaokaribia elfu. Nchi nzima iliomboleza. Mdogo wake mke wangu alikuwamo. Alikuwa na miaka 24, amepandia Kemondo, anakuja kwetu na mikungu miwili ya ndizi na barua ya baba yao. Nilizunguka siku tano nikitazama nyuso ambazo sitaki kuzieleza hapa. Sikumwona. Huenda ni miongoni mwa waliozikwa Igoma bila kutambuliwa. Huenda hakutoka majini kamwe. Kila tarehe 21 Mei mke wangu huenda Igoma, akasimama mbele ya makaburi yale, na daima husimama mahali tofauti, maana hajui.

Toka siku ile hakupanda meli. Kwao alikwenda kwa basi, kupitia Sengerema, Geita na Biharamulo, safari ya kuchosha mifupa. Hata hivyo basi nalo lilikuwa halimwepushi na maji, kwa sababu kati ya Kigongo na Busisi lilikuwa lazima lipande kivuko. Abiria walishuka na kusimama. Wengine walinunua mayai na karanga. Yeye alikwenda katikati ya kivuko, mbali na kingo zote, akafumba macho mpaka asikie ule mlango wa chuma unagonga nchi kavu. Ilikuwa hivyo kwa miaka ishirini na tisa.

Ndipo likaja daraja. Lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025, lina urefu wa kilomita tatu hivi, na limepewa jina la marehemu Rais Magufuli. Tulilivuka mwezi uliofuata. Mahali palipokuwa pakila saa mbili za foleni na jua, basi lilipita kwa dakika chache, na wasafiri wakapiga makofi. Mke wangu alikaa dirishani, macho wazi, akitazama maji yalivyopita chini yetu. Tulipofika upande wa pili akaniambia bila kugeuka, "Mwalimu, sasa nataka kupanda meli."

Nilidhani nimesikia vibaya. Kwa nini sasa, wakati hapana tena haja ya kugusa maji? Akasema, "Siku zote nilikuwa navushwa. Sasa silazimiki. Nataka niende mwenyewe, nitazame."

Basi mwezi wa Agosti wazee wawili tukaanza utalii wetu. Mpango ulikuwa wake, na aliupanga kwa hatua, kama mtoto anayejifunza kutembea.

Hatua ya kwanza ilikuwa Saanane, kisiwa kilicho mbele ya Capri Point, safari ya boti ya dakika chache. Kilipewa jina la mzee Saanane Chawandi aliyekuwa akiishi hapo kabla serikali haijakifanya bustani ya wanyama mwaka 1964. Tangu 2013 ni hifadhi ya taifa, na ndiyo ndogo kuliko zote nchini. Tuliona pimbi wengi na swala wachache. Mke wangu alivaa jaketi la kujiokolea kuanzia botini na hakulivua hata alipokuwa akipanda vilima vya kisiwa, jambo lililowafurahisha sana watoto wa shule moja waliokuwa ziarani. Mengine ya Saanane si ya kuandikwa.

Hatua ya pili ilikuwa Ukerewe, na hapo ndipo safari ilipokuwa safari. Meli ya Nansio huondoka Mwanza ikipita karibu na jiwe la Bismarck, lile lililosimamishwa juu ya mengine kana kwamba mtu aliliweka akaenda kuita wenzake waje kuliona. Mji unarudi nyuma na majabali yake, nyumba zikiwa zimening'inia kati ya mawe hadi juu vilimani. Mwendo ni wa saa tatu na ushee. Saa ya kwanza mke wangu alikaa ndani karibu na mlango, akahesabu majaketi yaliyopangwa darini. Alipopita mia akaacha. Saa ya pili alikubali chai. Tulipoingia kwenye maji mapana ya Ghuba ya Speke, upepo ukawa unakuja kwa ubavu na meli ikaanza kuyumba kwa adabu, nikamwona amesimama. Nilifikiri anarudi ndani zaidi. Alikwenda kwenye ukingo, akaushika kwa mikono miwili, akabaki hapo mpaka Nansio.

Ukerewe husemwa kuwa kisiwa kikubwa kuliko vyote vilivyo katika maziwa ya Afrika, na ukiwa ndani yake husahau kwamba ni kisiwa. Kuna muhogo, michungwa, mpunga mabondeni, na watu wengi mno kwa ardhi iliyopo. Tulichukua bodaboda mbili. Vijana waliotuendesha walitaka kutupeleka Handebezyo, penye mawe ya kutazamia mandhari, na Bukindo kwenye jumba la watemi, maana ndiko wageni wote wanakopelekwa. Tulikwenda, tukaona, ni pazuri. Lakini mimi nilikuwa na haja yangu. Nilitaka kufika Kagunguli, kwa Aniceti Kitereza.

Wasomaji vijana huenda hawamjui. Alizaliwa 1896, akasomeshwa na mapadri, akapelekwa ng'ambo ya ziwa kwenye seminari ya Rubya, ambayo iko upande huo huo wa kwao mke wangu. Mwaka 1945 alikuwa amemaliza kuandika kwa Kikerewe habari ndefu ya mume na mke, Myombekere na Bugonoka, waliopendana na wakakosa mtoto kwa muda mrefu, na katika habari hiyo akaweka kila alichojua kuhusu maisha ya Wakerewe: namna ya kulima, kuvua, kuoa, kuganga, kuomboleza. Hakuna aliyekubali kuichapa kwa Kikerewe. Ilimbidi mwenyewe aitafsiri kwa Kiswahili akiwa mzee. Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980, na Kitereza akafariki 1981 kabla nakala hazijamfikia mkononi. Miaka thelathini na mitano alikisubiri kitabu.

Tulikaa kivulini Kagunguli tukala machungwa. Nilimweleza mke wangu habari hizo, ingawa alishazisikia mara nyingi, maana niliwahi kuwasomea watoto sura kadhaa za kitabu kile na kurudi nyumbani nikizirudia. Alichoniuliza hakikuhusu fasihi. Aliuliza, "Huyu kijana alipelekwa Rubya kwa chombo gani wakati huo?" Sikujua ni chombo gani. Nilichojua ni kwamba hakukuwa na njia nyingine isipokuwa maji. Akafikiri, kisha akasema mama yake Kitereza bila shaka alisimama pwani akitazama. Sijawahi kumfikiria mama yake Kitereza.

Siku iliyofuata tulifika Bugolora, upande wa kaskazini, penye kivuko cha kwenda Ukara. Ukara unaonekana wazi pale mbele, karibu kiasi cha kuhesabu miti. Nia yetu ilikuwa kuvuka tukaone jiwe linalocheza, lile linalotikisika watu wakiliimbia. Lakini Bugolora nayo ina habari yake. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya Alhamisi, siku ya soko, kivuko cha MV Nyerere chenye uwezo wa watu 101 kilipinduka kikiwa mita chache kufika Ukara. Walikufa watu 228. Fundi mmoja wa mitambo alikutwa hai baada ya siku mbili, ndani ya chombo kilichogeuka, mahali palipobaki hewa.

Mke wangu aliongea na mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza machungwa gatini. Alianza kwa kununua, akaishia kuketi naye kwenye gogo. Yule mama ni mtu wa Ukara. Alipoteza jirani wawili siku ile, na yeye mwenyewe alikuwa avuke kwa kivuko kile ila mtoto alikuwa na homa. Mke wangu alimwuliza ilichukua muda gani kabla ya kuvuka tena. Yule mama alicheka, si kwa dharau. "Alhamisi iliyofuata, mama. Machungwa yangeoza."

Baada ya hapo mke wangu alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akaniambia jiwe litacheza siku nyingine, turudi Nansio. Nami sikubisha. Mtalii ana ruhusa ambayo muuza machungwa hana: ruhusa ya kughairi.

Hatua ya tatu ilikuwa Bukoba. Victoria ilikaa muda mrefu bila kufanya kazi, ikakarabatiwa, ikarudi majini mwaka 2020 ikiitwa New Victoria Hapa Kazi Tu, ingawa gatini kila mtu huiita Victoria tu. Huondoka Mwanza usiku na kufika asubuhi. Mke wangu ndiye aliyechagua tarehe, akitaka iwe siku za giza. Mtu wa mbali hatazijua siku hizo. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa, na mwezi unapokuwa mpevu taa hazina nguvu, dagaa hawakusanyiki, wavuvi hupumzika. Giza likirudi, hutoka wote.

Tulipewa chumba kidogo chenye vitanda viwili, kimoja juu ya kingine. Honi ililia, gati likaachana nasi. Mke wangu alilala kifudifudi bila kuvua viatu na hakusema neno kwa saa nzima. Nilijua tunapita wapi na yeye alijua. Nje hapakuonekana kitu.

Yapata saa sita usiku akanigusa bega. Tukapanda juu kwenye sitaha, mimi nimejifunga shuka kama Mmasai kwa ajili ya baridi. Na hapo, msomaji, nikaona nilichokuwa sijakiona kwa umri wangu wote. Mbele yetu na pande zote kulikuwa na mji. Taa mamia kwa mamia, zimekaa juu ya maji, nyingine zimejikusanya kama mtaa, nyingine zimetawanyika kama shamba la watu wachache. Zamani zilikuwa karabai zenye mwanga wa manjano na mlio wa mvuke. Siku hizi nyingi ni za betri, nyeupe. Chini ya kila taa kuna mtumbwi na watu, na kila mtu ana nyumba mahali fulani. Nimekula dagaa tangu nizaliwe. Nimewalisha wanangu dagaa. Nimewafukuza darasani watoto waliosinzia kwa sababu ya kukesha ziwani. Lakini sijawahi kuona mahali hasa walipokesha.

"Wapo wengi hivi?" aliuliza mke wangu. Nikamwambia wapo. Akasema, "Mimi nilidhani usiku humu hamna mtu." Nikaelewa kwamba kwa miaka ishirini na tisa alikuwa akimfikiria mdogo wake katika maji yasiyo na mtu.

Mahali fulani kushoto kwetu, gizani, kilikuwa kisiwa cha Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977, ambako Profesa Grzimek wa Ujerumani aliwaachia sokwe waliotolewa katika bustani za wanyama za Ulaya kati ya 1966 na 1969, nao wakajifunza upya kuishi porini. Mbele zaidi ni Bumbire. Huko Stanley, alipokuwa akilizunguka ziwa mwaka 1875 katika mashua yake ya Lady Alice, aligombana na wenyeji waliomzuia, na miezi michache baadaye akarudi kuwapiga risasi. Naye hufundishwa kama msafiri aliyeshuka hapa na pale kuona nchi.

Alfajiri tulikuwa Kemondo. Ndizi zilikuwa zimerundikwa gatini kama kuta, wachukuzi wakipiga kelele, akina mama wakiuza maandazi na chai ya tangawizi. Mke wangu alishuka ngazi taratibu, akasimama gatini akatazama nyuma, juu kabisa ya meli, kisha akatazama ngazi. Sikumwuliza. Tukapanda gari la Kamachumu.

Kwao, wafu huzikwa kwenye kibanja, kati ya migomba, karibu na nyumba. Baba yake yupo hapo, mama yake yupo hapo tangu 2003, na kati ya baba na mgomba mmoja mkubwa kuna nafasi ambayo familia haijaitumia na hakuna anayesema ni ya nani. Kaka yake mkubwa hufagia hapo kama anavyofagia makaburi mengine. Tulikaa siku tatu. Tulikula ndizi kwa samaki, tukanywa rubisi kidogo. Wakati wa kuondoka mke wangu alimwomba wifi yake kahawa ya kutafuna. Kwa asiyejua: Wahaya huchuma kahawa kabla haijaiva sana, huichemsha pamoja na majani ya harufu nzuri, huianika, kisha huitafuna nzima nzima. Ndiyo anayopewa mgeni kabla ya kitu kingine chochote. Akazifunga kwenye kitambaa, akazitia kifuani.

Bukoba mjini tulitembea kama watalii wa kweli, na kitu gani hatukukiona! Mji ulianzishwa na Emin Pasha mwaka 1890 kwa niaba ya Wajerumani. Tuliingia kanisa kuu alimolazwa Kardinali Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kupewa ukardinali, mwaka 1960. Mwili wake ulihamishiwa humo 2012. Mke wangu alipiga magoti muda mrefu, mimi miguu hairuhusu. Baadaye tulikaa ufukweni, kisiwa cha Musira mbele yetu na uwanja wa ndege pembeni. Hapo ndipo ndege ya abiria ilipotumbukia ziwani tarehe 6 Novemba 2022 ikiwa karibu kutua. Watu 19 walikufa, 24 walipona, na waliofika wa kwanza kuwatoa walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Muuza samaki wa kuchoma alitusimulia yote hayo kabla hatujamaliza kuagiza. Inaelekea kila gati katika ziwa hili lina mtu wa kazi hiyo.

Tulirudi kwa meli ile ile, usiku. Safari hii hatukulala. Yapata saa kumi na moja alfajiri mke wangu alishika njia ya sitahani, nami nikafuata. Mashariki palianza kupauka. Wavuvi walikuwa wakirejea, taa zimezimwa. Mawe ya Mwanza yalijitokeza moja moja, meusi kwanza, kisha ya kijivu.

Akamwita baharia mmoja kijana aliyekuwa akikunja kamba. "Mwanangu, ni wapi?" Kijana hakuuliza wapi nini. Alisema, "Mama, mimi nilikuwa sijazaliwa. Lakini wazee wetu wakipita hapa hunyamaza." Naye akanyamaza, akaweka kamba chini.

Mke wangu akafungua kitambaa. Kahawa ya kwanza akaitia kinywani mwake. Ya pili akanipa mimi. Ndivyo afanyavyo mwenyeji, huonja mbele ya mgeni. Zilizobaki akazirusha majini, akisema maneno machache kwa Kihaya ambayo si yangu kuyaandika. Nilitarajia zizame. Hazikuzama, kahawa kavu ni nyepesi. Zilielea juu ya povu la meli, zikatawanyika, zikabaki nyuma yetu, na tuliziona kwa muda mrefu kuliko nilivyodhani.

"Ni chungu kidogo," akasema, akiendelea kutafuna.

Gatini kulikuwa na msukumano wa kawaida. Tulikuwa na mikungu miwili ya ndizi kutoka kibanjani, na mchukuzi mmoja akaikamata kabla hatujamwita, akataka shilingi elfu tatu. Mke wangu akamwambia elfu mbili. Walikwenda wakibishana mbele yangu mpaka kwenye bajaji. Alipokwisha kuketi, mkungu mmoja miguuni na mwingine mapajani, akaniuliza kama kuna meli ya kwenda Musoma. Nikamwambia zamani ilikuwapo. Akasema niulize.